Nani Ataulizwa Kuhusu Daftari la Mtoto?



Ndugu zangu katika imani, somo hili nililitoa katika darsa yetu ya Jumamosi baada ya Alasiri, na baadhi yenu mkaniomba niliandike kwa ajili ya wale waliokuwa maktaba wakijiandaa na mitihani. Nimeliandika karibu kama nilivyolisema, isipokuwa nimeongeza habari ya nyumbani kwetu ambayo siku ile niliona haya kuitaja mbele ya watu.

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), naanza na swali. Hapa kwetu Uganda, mtoto akimaliza darasa la saba katika shule ya serikali na hajui kusoma barua, kosa ni la nani? Ukimuuliza mzazi, atakwambia ni la serikali. Mwalimu atakwambia ni la mzazi. Ofisa wa wilaya atakutajia wote wawili, kisha ataongeza bajeti. Na mtoto mwenyewe, ambaye hakuna anayemuuliza, ataamini kwamba kosa ni lake, kwamba yeye ni mjinga tu tangu kuzaliwa. Huyu wa mwisho ndiye aliyenifanya nichague somo hili.

Sheria imesema "na"

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 34, inampa mtoto haki ya kupata elimu ya msingi, na inasema elimu hiyo ni wajibu wa Dola na wa wazazi wa mtoto. Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili niliipita haraka, nikadhani ni maneno ya wanasheria tu. Siku hizi naliona lile neno dogo "na". Hawakuandika "au". Mzigo una vichwa viwili, na mmoja akiuacha, mwingine hana ruhusa ya kuutua.

Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inafafanua zaidi. Upande wa serikali kuna walimu na maslahi yao, vifaa vya kufundishia, majengo na usimamizi. Upande wa mzazi au mlezi kuna kumwandikisha mtoto shuleni, kumwongoza, kumpa chakula, mavazi, mahali pa kulala, matibabu na usafiri. Pia kumkuza kimaadili na kiroho, kushiriki katika nidhamu yake na kuisaidia shule pamoja na jamii. Nawasihi mlisome neno "chakula" polepole, maana nitalirudia.

Kwa nini basi wazazi wengi wanadhani kazi yao inaishia kwenye geti la shule? Sehemu ya jibu iko katika historia. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao sote tunauita UPE, ulianza Januari 1997, baada ya kuahidiwa katika kampeni za uchaguzi wa 1996. Mwanzoni ulikuwa kwa watoto wanne wa kila familia, kisha ukafunguliwa kwa wote. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takriban milioni 3 mwaka 1996. Mwaka uliofuata wakapita milioni 5. Ilikuwa neema kubwa, na wengi wetu tunaosoma chuo leo tusingefika hapa bila mlango ule kufunguliwa. Mimi ni mmojawapo.

Lakini pamoja na neema hiyo likaja neno "bure". Kiswahili kina ujanja wake hapa. Bure ni kitu kisicholipiwa, na bure ni kitu kisicho na faida. Wazee wetu wengi walisikia maana ya kwanza wakaielewa hivi: serikali imemchukua mtoto. Atampa mwalimu, kitabu, dawati, na Mungu akijalia, maarifa. Hakuna aliyekaa nao kuwaeleza kwamba serikali inalipa walimu na kutoa ruzuku ndogo sana kwa shule. Kwa miaka kadhaa ruzuku hiyo ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka mzima. Gawanya kwa mihula mitatu uone kinachobaki cha kununua chaki.

Saa saba mchana

Mwaka jana, muhula wa pili, nilikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya serikali kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Sitaitaja jina, kwa sababu niliyoyaona pale si ya shule ile peke yake. Nilipewa darasa la tano, watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, watano watano kwenye dawati la watatu. Nilikuwa na maandalio mazuri ya somo, yameandikwa kwa wino wa bluu na mweusi kama tulivyofundishwa. Kuanzia saa mbili mpaka saa nne na nusu darasa lilikuwa hai. Baada ya saa saba mchana nilikuwa nawafundisha watoto waliolala.

Siku tatu za kwanza nilikasirika. Niliwasimamisha, nikawaimbisha, nikawatoa nje wanyooshe mikono. Siku ya nne nikawafuata wakati wa mapumziko ya mchana. Walimu tulikuwa na posho na maharage katika chumba chetu. Wachache kati ya watoto walikimbia nyumbani na kurudi. Wachache walikuwa na kipande cha muhogo katika mfuko wa plastiki. Waliobaki, wengi kuliko wote, walikwenda bombani wakanywa maji, wakaketi chini ya mwembe wakisubiri kengele. Walikuwa hawajala tangu jana usiku, na walitakiwa kukaa mpaka saa kumi.

Mwalimu mkuu, mama mmoja mvumilivu sana, alinieleza anavyobanwa. Sheria inamkataza kumtoza mzazi malipo ya lazima, na ni haki, kwa sababu ada ndiyo iliyowafukuza maskini zamani. Anaweza tu kuomba mchango wa hiari, na mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga haruhusiwi kurudishwa nyumbani. Basi huitisha kikao, akawaomba wazazi kila mmoja alete kilo chache za mahindi kwa muhula, shule iyasage na kupika uji. Nilihudhuria kikao kimoja. Shule ina watoto wanaokaribia elfu. Wazazi waliokuja niliwahesabu kwa vidole: walikuwa tisa, na saba kati yao ni akina mama. Ilikuwa siku ya soko.

Bibi mmoja aliyelea wajukuu watatu alisimama akasema, "Mwanangu mwalimu, mimi nitaleta mahindi. Lakini nikileta mimi na jirani asilete, uji wangu atakunywa mtoto wake, na wangu watapata nusu kikombe. Niambie nifanyeje." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Ila najua kwamba yule bibi, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa ameliona tatizo kwa usahihi kuliko ripoti nyingi nilizosoma: wajibu wa mzazi katika shule ya umma haukamiliki akiwa peke yake. Mzazi wa shule ya kulipia hununua anachokitaka kwa ajili ya mtoto wake. Mzazi wa shule ya umma hawezi kumlisha wake bila kumlisha wa jirani, na hawezi kupata mwalimu mzuri kwa ajili ya wake bila wote kumpata.

Nisieleweke vibaya. Wapo wazazi ambao kweli hawana. Mtu anayelima vibarua ili jioni apate unga wa siku ile hawezi kutoa mahindi ya muhula, na dini yetu haimkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Lakini niliporudi kijijini jioni ile ya kikao, niliona kibanda cha video kimejaa wanaume, na meza ya kamari mbele yake imejaa pia. Baadhi yao niliwajua kwa sura, kwa kuwa watoto wao wanafanana nao.

"Shule yao"

Hapa nataka kusema na sisi Waislamu hasa, na nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi wengine.

Katika miongo ya kwanza ya ukoloni elimu ya shule Uganda ilikuwa mikononi mwa wamisionari. Babu zetu waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ya misheni atatoka na jina jipya, na hofu ile haikuwa ya kubuni. Wengi waliwazuia watoto wao. Ndipo wazee wetu, akiwemo Mwanamfalme Badru Kakungulu, walipounda Chama cha Elimu cha Waislamu Uganda, UMEA, wakajenga shule ambazo mtoto wa Kiislamu angesoma bila kuacha dini yake. Mungu awalipe. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, serikali ilizichukua shule za madhehebu zikawa za umma, ingawa majina ya waanzilishi yalibaki kwenye vibao mpaka leo.

Hofu imekwisha, lakini umebaki mguu mzito. Mzazi wa Kiislamu ambaye mtoto wake anasoma katika shule ya serikali iliyoasisiwa na kanisa bado anaiita "shule yao". Anampeleka mtoto, lakini yeye mwenyewe haingii. Mfananishe na mzazi huyohuyo kwenye madrasa. Mtoto akikosa madrasa siku mbili, sheikh anampigia simu au anamkuta msikitini, na baba anatoka jasho kwa aibu. Anajua mtoto yuko juzuu ya ngapi. Muulize yuko darasa la ngapi shuleni, na mwalimu wake anaitwa nani. Nimewauliza wazee watano wa msikiti mmoja swali hili, kwa upole. Wawili walijibu sawasawa.

Tukumbuke kilichotokea baada ya Badr. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba mateka wa Makka waliojua kuandika, ambao hawakuwa na mali ya kujikomboa, waliambiwa kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, na hiyo iwe fidia yake. Mateka wale walikuwa hawajasilimu. Siku chache nyuma walikuwa wamebeba panga dhidi ya baba za watoto wale. Mtume (s.a.w.) hakuona kwamba herufi imenajisika kwa kutoka mkononi mwao. Na ninachokiona zaidi katika kisa hiki ni kwamba watoto walifundishwa palepale mjini, chini ya macho ya jamii yao, na fidia ilitimia pale mtoto alipojua. Haikutosha mateka kukaa darasani akihesabu siku.

Vilevile tunasimuliwa habari za Luqman akimwusia mwanawe. Alianza na kumjua Mungu, akaja kwenye sala, akamalizia na namna ya kutembea na kiasi cha sauti. Hakumtuma mtu. Mzazi wa leo anafika shuleni mara moja kwa mwaka, anamwonyesha mwalimu mtoto mtukutu na kusema, "Mchape tu, nimekuruhusu." Kwanza, hawezi kumruhusu, kwa sababu tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 kiboko shuleni kimepigwa marufuku. Pili, anachokiomba ni mwalimu amfanyie kazi ya Luqman kwa fimbo, tena kwa watoto zaidi ya mia kwa wakati mmoja.

Habari ya nyumbani kwetu

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Kuna kazi iliyofanywa hapa Uganda, Kenya na Tanzania kwa jina la Uwezo. Wenyewe walichagua jina la Kiswahili, na limewafaa. Watu wa kujitolea walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba, wakimkalisha mtoto uani na kumpa karatasi: herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hawakwenda shuleni, kwa sababu mtoto aliyeacha shule, au aliyekosa siku ile, asingeonekana huko. Mwaka baada ya mwaka walikuta watoto wengi wa darasa la tatu na juu yake hawawezi kuisoma hadithi ile. Nimeyaandika matokeo yao katika insha mbili hapa chuoni na nikapata alama nzuri.

Nilipomaliza mazoezi ya kufundisha nikaenda nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho yuko darasa la tano, shule ya serikali. Alikuwa miongoni mwa waliokaa nyumbani shule zilipofungwa kwa korona, kuanzia Machi 2020, na kwa madarasa ya chini mpaka tarehe 10 Januari 2022. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuzitambua herufi. Nilimwandikia hadithi fupi ya mistari minane kuhusu mbuzi aliyepotea, nikamketisha ukumbini. Alisoma neno la kwanza na la pili. La tatu alilibahatisha. Kisha akaanza kusimulia hadithi ya mbuzi kutoka kichwani mwake, kwa sauti nzuri kabisa, huku kidole kikipita juu ya maneno ambayo hakuwa akiyasoma.

Alikuwa amejifunza kujificha. Darasa zima husoma kwa pamoja kwa sauti kubwa, naye hufungua mdomo na wenzake. Miaka miwili mimi, mwanafunzi wa ualimu, nilikuwa nikija likizo, nikimletea biskuti, nikimuuliza, "Shule vipi?" Naye hunijibu, "Nzuri." Nikaridhika.

Nilifungua daftari lake la Kiingereza. Kurasa kumi na nne hazikuwa na wino mwekundu hata tone. Nikampelekea Baba. Baba yangu anauza mitumba sokoni na hakusoma zaidi ya madrasa. Aliligeuza daftari mikononi, akasema polepole, "Mimi sijui kusoma haya. Ningejuaje?" Nilitaka kumwambia jambo kali, namshukuru Mungu sikulisema. Maana mimi nilijua kusoma, na sikujua.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Huwa tunalitaja fundisho hili tukiwazungumzia watawala. Usiku ule nililiona limekaa ukumbini kwetu, juu ya daftari la kurasa themanini.

Mzazi asiyejua kusoma atakagua nini?

Swali la Baba lilikuwa la haki, na nadhani wazazi wengi wanakwama hapo. Wanadhani ukaguzi wa masomo ni wa wasomi. Tulikaa naye siku mbili tukatafuta anachoweza kukiona bila kusoma. Tarehe anaijua, maana huandika madeni ya wateja wake kwa tarakimu. Basi anatazama tarehe ya juu ya ukurasa: kama ya mwisho ni ya wiki tatu zilizopita, ama mwalimu hafundishi ama mtoto haendi, na yote mawili yanahitaji safari. Anatazama wino mwekundu. Anamwambia mtoto asome kwa sauti huku amemfunika nusu ya chini ya ukurasa kwa mkono. Baba mwenyewe ndiye aliyebuni hili la kufunika, akasema ni sawa na kumpima mnunuzi anayejifanya ana pesa. Mtoto anayesoma kweli husimama mkono unaposimama. Anayesimulia kutoka kichwani huendelea.

Wewe ndugu msomaji uliye chuoni, likizo hii utakwenda nyumbani. Usiulize "Shule vipi?" Omba daftari. Mkalishe mdogo wako, au mtoto wa jirani, na hadithi ya mistari minane. Na siku ya kikao cha wazazi, kama uko nyumbani, fuatana na mzee wako, hasa kama anaona haya kuingia ofisi ya mwalimu mkuu na kandambili. Wengine hawaendi kwa sababu hiyo tu, hawasemi.

Baba alikwenda. Mara ya kwanza katika maisha yake kuingia shule ile, na watoto wake wanne tumepita pale. Alikaa nyuma, akasikiliza habari za choo na za uzio, kisha akanyoosha mkono. "Mwanangu ana kurasa kumi na nne bila kalamu nyekundu. Sikuja kugombana. Nataka kujua nimsaidieje mwalimu."

Mwalimu wa darasa hakujibu. Alitoka, akarudi amekumbatia madaftari mpaka kidevuni, akayaweka mezani, akatoka tena kuleta mengine. Yalikuwa ya siku moja, somo moja, darasa moja. Baba aliyatazama kwa muda mrefu, akauliza huwa anayasahihishia wapi usiku, na kama nyumbani kwake kuna taa. Haikuwepo, alikuwa akitumia tochi ya simu.

Wazazi kumi na mmoja waliokuwepo walichangishana siku ileile wakamnunulia taa ya jua. Mwalimu naye alisema wazi kwamba hawezi kusahihisha yote kila siku, ila kila Alhamisi atarudisha madaftari ya Kiingereza yakiwa na wino. Tangu hapo Baba hufunga meza yake mapema Alhamisi. Wiki iliyopita alinipigia simu, hakuanza hata kwa salamu ndefu kama kawaida yake: mdogo wako ana tiki sita na makosa manne, na hayo manne ameniahidi kunieleza baada ya Isha.